Abanindranath Tagore, msimulizi aliyefunikwa na picha moja

Mwanamke wa mikono minne amesimama peke yake, vazi lake la rangi ya zafarani likimfika miguuni, na nyuma ya kichwa chake pana duara la mwanga. Mkono mmoja umeshika kitabu, wa pili masuke ya mpunga, wa tatu kitambaa cheupe, wa nne shanga za kusalia: elimu, chakula, mavazi na ibada. Hiyo ndiyo Bharat Mata, Mama India, picha ambayo Abanindranath Tagore aliichora kwa rangi za maji mwaka 1905 na ambayo leo imehifadhiwa katika jumba la Victoria Memorial mjini Kolkata. Ni vigumu kupata kitabu cha historia ya sanaa ya India kinachoiruka. Kwa ajili yake Abanindranath amepewa cheo cha baba wa uchoraji wa kizalendo, na cheo hicho kimemganda kiasi kwamba wengi husahau kuwa alishika brashi na kalamu kwa zaidi ya nusu karne, na kwamba watoto wa Bengal walimjua kwa vitabu vyake kabla hawajaona picha yake hata moja. Naona cheo hicho kinamdhulumu. Upya alioleta haukuwa kuipa nchi sura ya mama. Wenye kufanya hivyo walikuwapo kabla yake na wamekuwapo baada yake. Upya wake ulikuwa kuchukua kisa kutoka popote pale, Agra, Uswidi au Baghdad, akakihamishia kwao mpaka mgeni akawa mwenyeji. Alianza kufanya hivyo kwa kalamu, na brashi ilipoifikia kalamu, mwaka 1930, ndipo alipochora kazi zake bora.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1871 katika mtaa wa Jorasanko, Calcutta, kama mji ulivyoitwa wakati ule, ndani ya ukoo wenye mali, elimu na watu wengi wa kusimulia. Rabindranath, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1913, alikuwa binamu ya baba yake, yaani kwa hesabu ya ukoo baba yake mdogo, ingawa walipishana miaka 10 tu na nyumba zao zilikaa ubavu kwa ubavu. Alifundishwa uchoraji na Mtaliano, Olinto Ghilardi, kisha na Mwingereza, Charles Palmer: chaki za rangi, rangi za mafuta, namna ya kumpima kwa jicho mtu aliyekaa mbele yako. Hayo yalikuwa malezi ya kawaida kwa mtoto wa tajiri wa Calcutta, na angeweza kuishia hapo, akichora nyuso za mawakili na wenye mashamba. Katikati ya miaka ya 1890 akaanza mfululizo wa picha za visa vya Krishna, akijifunza kutoka michoro midogo ya vitabu vya kale. Mwaka 1896 Mwingereza E. B. Havell alifika kuongoza Chuo cha Sanaa cha Serikali, na ni yeye aliyemfungulia macho aone ufundi wa wachoraji wa makasri ya Kimughal. Mwaka 1902 Abanindranath akachora kifo cha Shah Jahan: mfalme mzee, mfungwa wa mwanawe katika ngome ya Agra, akiitazama Taj Mahal kwa mbali huku binti yake Jahanara ameketi miguuni pake. Picha hiyo ilipata medali katika maonyesho ya Delhi Durbar. Mchoraji mwenyewe alieleza baadaye kwamba majonzi yaliyomo yalikuwa yake, kwa kuwa tauni ilikuwa imemchukua binti yake. Basi picha iliyompa jina kwanza haikuwa ya taifa wala ya mungu. Ilikuwa ya mfalme Mwislamu, imechorwa kwa rangi za mafuta za walimu wa Kizungu, na kilichoibeba ni msiba wa nyumbani uliovikwa kisa cha watu wengine.

Kwa kalamu alikuwa ameshaijua njia hiyo. Rabindranath ndiye aliyemsukuma aandike, na ushauri wake ulikuwa mwepesi: andika kama unavyosimulia kwa mdomo. Mwaka 1895 kikatoka Shakuntala, kisa cha kale cha Kisanskriti alichokitoa midomoni mwa wanazuoni na kukiweka katika Kibengali ambacho mtoto angekifuata bila kamusi. Mwaka uliofuata kikatoka Khirer Putul, hadithi ya mwanasesere wa maziwa mazito, ya malkia aliyeachwa na nyani mwenye akili, ambayo mzizi wake ni hadithi ya wanawake wa nyumbani iliyokuwa imeandikwa na Mrinalini Devi, mke wa Rabindranath. Katika Rajkahini ya mwaka 1909 alisimulia habari za wafalme wa Rajput. Chanzo chake kikuu hapo ni kitabu cha James Tod, ofisa wa Kiingereza. Mzalendo mkali angeona haya kukopa historia ya mashujaa wake kutoka kwa mkoloni. Abanindranath hakuona, kwani alichokitaka kwa Tod ni kisa, na kisa hakina pasipoti. Kisha kuna Buro Angla, ambayo naiona kuwa shahidi mkubwa kuliko vyote. Asili yake ni kitabu cha Selma Lagerlöf wa Uswidi, kuhusu mtoto mtundu anayefanywa kijibwengo na kuruka na mabata bukini juu ya nchi yake yote. Mtoto wa Abanindranath anaitwa Ridoy. Anayemlaani si jini la shambani la Kiswidi. Ni Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, aliyechokozwa. Na nchi inayopita chini ya mbawa ni mito, mabwawa na vijiji vya Bengal mpaka kwenye theluji ya Himalaya. Lagerlöf aliandika kitabu chake ili watoto wa Uswidi waijue nchi yao. Abanindranath hakutafsiri maneno yake. Alichukua kazi ambayo kitabu kile kilifanya kwao na kuifanyisha tena kwa mito mingine na ndege wengine.

Hapo tunaweza kurudi mwaka 1905 na kuisoma Bharat Mata kwa jicho jingine. Mwaka huo Lord Curzon, mtawala wa Kiingereza wa India, aliigawa Bengal, na mji wa Calcutta ukawaka kwa maandamano na kususia bidhaa za Uingereza. Mchoraji aliiwaza picha yake kwanza kama mama wa Bengal. Cheo cha mama wa India yote kilifuata, na waliomkweza zaidi ni wengine, hasa Sister Nivedita, mwanamke wa Kiairishi aliyeishi Calcutta na kuipigia debe kwa maandishi. Kisha itazamwe ilivyotengenezwa. Ukungu ule laini unaomzunguka mama hautoki kwenye michoro ya Kimughal wala kwenye kuta za mapango ya Ajanta. Mwaka 1902 mwanazuoni wa Kijapani Okakura Kakuzo alikuwa mgeni wa akina Tagore, na mwaka uliofuata wakaja wachoraji wawili aliowatuma, Yokoyama Taikan na Hishida Shunso. Kwa kumtazama Taikan akifanya kazi, Abanindranath alijifunza kuilowesha karatasi, kupaka rangi nyepesi, kuilowesha tena na kurudia mpaka rangi zikanywewa na kulainika. Ndiyo kusema, picha takatifu ya uzalendo wa Kihindi imechorwa kwa ufundi uliojifunzwa kwa Wajapani, na mtu aliyelelewa na walimu wa Kiitaliano na Kiingereza. Simkejeli mtu kwa kusema hivyo. Nasema tu kwamba hata pale alipokaribia zaidi kuwa mchoraji wa taifa, alikuwa akifanya lile lile alilokuja kulifanya baadaye kwa hadithi ya Uswidi.

Kuhusu siasa zenyewe, yeye mwenyewe hakujipamba. Katika kumbukumbu zake anasimulia siku ya kugawanywa kwa Bengal, Rabindranath alipowaongoza watu barabarani kufungana nyuzi za undugu mikononi, na ghafla akaamua kuingia msikiti wa Chitpur awafunge na mashehe. Abanindranath aliona hapo patamwagika damu, akachomoka na kurudi nyumbani. Waliokwenda walirudi salama wakisema kwamba mashehe walipokea nyuzi zile kwa kicheko. Mtu anayejitafutia sanamu ya shujaa wa taifa asingeisimulia habari hiyo, tena kwa furaha ile. Msimulizi hawezi kuiacha, hata kama anayechekwa ni yeye.

Watakaopinga wana hoja nzito, nayo haihusu picha moja. Watasema: kama hakuwa baba wa sanaa ya kizalendo, mbona alizaa kizazi kizima? Mwaka 1905 Havell alimfanya makamu mkuu wa Chuo cha Sanaa, na wanafunzi wake wakasambaa kama mbegu: Asit Kumar Haldar akaenda kuongoza chuo cha Lucknow, Samarendranath Gupta akaenda Lahore, Devi Prasad Roy Chowdhury akashika cha Madras, na Nandalal Bose, mkubwa wao wote, akaongoza chuo cha sanaa cha Santiniketan, akachora mabango ya mkutano wa chama cha Congress wa Haripura mwaka 1938 na baadaye akasimamia urembo wa kurasa za Katiba ya India. Hayo yote ni kweli. Lakini mkondo huo wa uchoraji, unaoitwa mkondo wa Bengal, na mtu aliyeuanzisha ni vitu viwili. Mkondo huo ulikuzwa na mazungumzo ya Havell kuhusu roho ya Mashariki, na pia na Jumuiya ya Sanaa ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1907, ambayo wanachama wake wengi wa mwanzo walikuwa Wazungu wa Calcutta, jaji John Woodroffe akiwa miongoni mwao. Wapo Wabengali walioukataa tangu mapema: baadhi ya wanafunzi wa Havell waligoma kwa sababu aliwaondolea mafunzo ya Kizungu, wakiona wananyimwa elimu ile ile iliyowapa watawala nguvu, na Ranada Prasad Gupta akawaanzishia chuo chao. Hawakuwa wajinga. Sanaa ya kitaifa iliyopendwa sana na majaji wa dola ilistahili kutiliwa shaka. Na kufikia miaka ya 1930, wakati mchoraji Amrita Sher-Gil alipoushambulia mkondo huo kwa ukali, ulikuwa umeshakuwa mazoea: macho ya kusinzia, vidole virefu, ukungu juu ya ukungu. Wafuasi walishika namna ya mwalimu, wakaacha tabia yake ya kutafuta kwingine.

Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshatoka humo. Hata alipoandika kuhusu vipimo vya mwili katika sanaa ya kale ya India, kazi iliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 1914 kwa tafsiri ya Sukumar Ray, aliwatahadharisha wasomaji kwamba kanuni zile zilikuwa za sanamu za ibada na zisigeuzwe pingu za msanii. Kati ya mwaka 1921 na 1929 alitoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Calcutta, kwenye kiti cha uprofesa kilichoitwa Bageshwari. Mihadhara hiyo ikawa kitabu kinachosomwa mpaka leo, na anayekifungua akitarajia mfumo wa falsafa atashangaa: mtu yule anaongea kama yuko barazani, anaruka kutoka Upanishadi hadi mdoli wa sokoni, anatania, anauliza na kujijibu. Kuna wasomi waliokuwa wakimlaumu kwa kukosa mpangilio. Mimi nadhani mpangilio ulikuwapo, ila ulikuwa wa msimulizi, ambaye hafiki mwisho wa jambo kabla hajapita kwa majirani.

Mwaka 1930, akiwa na umri wa karibu miaka 59, alikaa kwenye baraza ya kusini ya nyumba yao ya Jorasanko, nyumba namba 5, alipozoea kufanya kazi pamoja na kaka zake Gaganendranath na Samarendranath, akachora zaidi ya picha 40 za Alfu Lela Ulela. Ni picha ndogo, zimejaa watu, ngazi, madirisha, vitambaa, ndege na samani, na zinahitaji kusomwa polepole kama ukurasa. Mchoraji wa kawaida, akipewa kazi hiyo, angetafuta Baghdad ya kufikirika, yenye ngamia na vikuba vya dhahabu. Abanindranath aliutazama mtaa wake. Mwanahistoria wa sanaa R. Siva Kumar ameonyesha kwa utafiti makini jinsi Calcutta ya wakati wa ukoloni ilivyojaa ndani ya picha hizo. Iliyo maarufu zaidi ni ile ya kibiongo aliyekabwa na mwiba wa samaki. Kwenye hadithi, maiti yake inapokezwa usiku kutoka kwa mshoni Mwislamu kwenda kwa tabibu wa Kiyahudi, kisha kwa msimamizi wa jiko la mfalme, kisha kwa dalali Mkristo, kila mmoja akidhani ndiye aliyeua. Kwenye picha, mkasa huo umepangishwa ndani ya jengo la ghorofa lililofunguliwa mbele yetu kama majengo ya Jorasanko, kila chumba na kazi yake, na juu yake kuna ubao wenye jina la kampuni ya Tagore na mwenzake Mwingereza Carr, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1834 na Dwarkanath, babu wa baba yake. Hapo kuna utani, na kuna hoja. Mji wa hadithi, wenye Waislamu, Wayahudi na Wakristo wanaogongeana milango usiku, ndio mji aliozaliwa yeye, na biashara iliyoujenga ni ya babu zake. Hata msimulizi wa Kiarabu alisema mkasa ule ulitokea Uchina, ingawa mji anaousimulia una kila dalili za nyumbani kwake. Alfu Lela Ulela ilikuwa tayari kazi ya wahamishaji wa visa. Abanindranath aliingia kwenye foleni.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuaminishwa kwamba visa hivyo vinaweza kuhama bila kupoteza haki yao. Mmisionari Edward Steere alipokusanya hadithi za Unguja na kuzichapa mwaka 1870, aliandika na kisa cha Hasibu Karim ad-Din na mfalme wa nyoka, kinachotoka kwenye Alfu Lela Ulela, kikisimuliwa kwa Kiswahili safi cha pale kama kisa cha pale. Abunuwasi, mshairi wa Baghdad wa zama za Harun Rashid, amekula njama katika mitaa yetu kwa muda mrefu mno kuitwa mgeni. Tofauti ni kwamba msimulizi wa pwani aliifanya kazi hiyo kwa sauti, na jina lake likapotea. Abanindranath aliifanya kwa rangi, akatia na jina la kampuni ya ukoo wake.

Pingamizi la mwisho ni la kimaadili. Mwaka 1930 ndio mwaka ambao Gandhi alitembea kutoka Sabarmati hadi Dandi kwenda kuokota chumvi, na vijana wa Chittagong, huko huko Bengal, walivamia ghala la silaha. Inakuwaje mtu aliyechora Mama India miaka 25 kabla yake akae barazani na kuchora Sindbad? Na nani mwingine, ila mtoto wa mwenye mashamba aliyelishwa na kodi za wakulima, angeweza kumudu anasa hiyo? Sehemu ya pili ya lawama hiyo haina jibu la kuifuta. Baraza ile ilijengwa kwa jasho la watu ambao hawakupata kuchora chochote, ijapokuwa ni haki kuongeza kwamba yeye mwenyewe aliwaandika: katika kumbukumbu zake za utotoni, yaya Padma Dasi na watumishi wengine ndio ulimwengu wa kwanza, na bila sauti zao asingekuwa na Kibengali kile. Lakini kuhusu kukimbia wakati wake, nadhani lawama inakosea shabaha. Katika miaka ambayo siasa za Bengal zilikuwa zikizidi kuwagawa Wahindu na Waislamu, alichagua hadithi za Waislamu, akazipa makao ndani ya nyumba ya ukoo wa Kihindu, na akafanya hivyo bila tamko lolote. Bharat Mata, pamoja na uzuri wake, ina vazi la mtawa wa Kihindu na mikono ya mungu wa kike. Si kila raia angeweza kujiona ndani yake, na historia iliyofuata imelithibitisha hilo. Jengo la kibiongo lina vyumba vya watu wa kila dini. Ukiniuliza ni picha gani kati ya hizo mbili iliyoielewa zaidi nchi yake, sitasita.

Baada ya mfululizo huo brashi ilipumzika sana. Akaandika michezo ya kuigiza ya mtindo wa kijijini, akaitunga upya Ramayana ndani ya daftari nene alilolibandikia vipande vya magazeti na matangazo ya biashara, mashujaa wa kale wakikaa karibu na tangazo la kuuza bidhaa, na akaokota vijiti na mizizi ya miti akavigeuza ndege na wanyama. Waliomtaka awe baba wa taifa waliona uzee wa mtoto. Kumbukumbu zake mbili kubwa, Gharoa ya mwaka 1941 na Jorasankor Dhare ya mwaka 1944, hakuziandika kwa mkono wake. Alizisimulia, na Rani Chanda akaziandika. Mwaka ule ule wa 1941 Rabindranath alifariki, na Abanindranath akaihama nyumba namba 5, ambayo ukoo wake ulishindwa kuendelea kuimiliki na ambayo baadaye ilibomolewa. Aliishi hadi kuiona nchi ikipata uhuru na Bengal ikigawanywa kwa mara ya pili, akafariki tarehe 5 Desemba 1951.

Picha za Alfu Lela Ulela zilibaki Kolkata, mikononi mwa Rabindra Bharati Society, na kwa miaka mingi walioziona kwa macho walikuwa wachache. Mwaka 2008 Siva Kumar alitoa kitabu kikubwa cha kazi za Abanindranath, na tangu hapo hakuna tena udhuru wa kumpima kwa picha moja ya mwaka 1905.